Reli Iliyopita Baharini

Upana wa njia ya reli ni nafasi iliyopo baina ya chuma kimoja na kingine. Reli yetu ya kutoka Mombasa, iliyoanza kutandikwa mwaka wa 1896, ilipewa upana wa meta moja. Mwaka uo huo, mjini Brighton katika pwani ya kusini ya Uingereza, ilifunguliwa reli ya umeme ambayo vyuma vyake vya nje viliachana kwa futi 18. Kwa nini ukawa upana mkubwa namna hiyo?

Reli ile ilikuwa kazi ya fundi Magnus Volk. Mwaka wa 1883 alikwisha kujenga ufukoni reli ndogo ya umeme, yenye upana wa futi 2 tu. Baadaye alitaka kufika kijiji cha Rottingdean, mwendo wa karibu maili tatu, lakini majabali ya pwani yalimzuia. Basi akaazimu kupita baharini. Alitandika njia mbili sambamba juu ya matofali makubwa ya saruji yaliyoshikizwa mwambani, na maji yalipojaa zote zilifunikwa. Juu yake lilipita gari moja, jina lake Pioneer, lenye miguu minne ya chuma, urefu wake futi 23. Kitu kirefu namna hiyo hakisimami imara ila kitanue miguu. Ndiyo sababu ya upana ule. Umeme ulitoka katika waya uliotundikwa nguzoni. Tena, kwa kuwa gari lilikwenda baharini, lilipaswa kuwa na nahodha na mashua ya kuokolea watu.

Reli ilifunguliwa tarehe 28 Novemba. Haikutimiza majuma mawili, dhoruba ikaliangusha gari. Volk akalitengeneza, na Julai 1897 likarudi kazini. Hata hivyo, kila maji yalipojaa mitambo ililemewa, gari likajikokota.

Lakini iliyoiua reli hii si dhoruba. Mwaka wa 1900 kuta za kukinga ufuo zilijengwa karibu nayo, na mikondo ya maji ikachimba chini ya njia. Kisha baraza la mji likataka kujenga kinga nyingine, likamtaka Volk aihamishe reli. Mji ulikuwa na haki ya kujilinda. Volk naye hakuwa na fedha. Mwaka wa 1901 reli ikafungwa.

Wahenga walisema, bahari haishi zinge. Volk aliupima vema upana wa kulisimamisha gari, lakini mwendo wa mchanga na maji haukuwa katika vipimo vyake. Reli yake ndogo ya ufukoni ingali yachukua abiria. Ile ya baharini imebakiza matofali yake tu, nayo huonekana maji yakipwa.