Mapenzi yanayorudi katika masimulizi ya Pemba

Mapenzi yanayorudi ni maudhui ya masimulizi ambamo pendo lililokatizwa na kifo, dhuluma au fitina hurejea katika kizazi kingine kudai lilichonyimwa. Katika riwaya za Korea, Japani na China zilizoenea kwa njia ya intaneti, kazi hiyo hufanywa na roho: mtu hufa, akazaliwa upya, na mpenzi wake wa zamani akamtambua. Kisiwani Pemba, ambako karibu watu wote ni Waislamu, mlango huo umefungwa. Roho ya marehemu hukaa barzakhi, baina ya kifo na ufufuo, hadi Kiyama. Mwandishi anayeihamishia Pemba hadithi ya kuzaliwa upya bila kuigeuza atapata kisa kisicho na wenyewe. Kisiwa kina njia yake ya kulirudisha pendo, nayo imejaa historia.

Kisiwani Pemba, anayerudi ni pepo. Uganga wa kisiwa hiki una sifa pwani nzima, na mafundi wake hufuatwa na wagonjwa wanaovuka bahari. Pepo hapotei kwa kufa aliyekuwa kiti chake, yaani mtu aliyempanda. Anaweza kumpanda binti au mjukuu, akajulikana kwa maradhi yasiyopata dawa, ndoto zilezile au ndoa isiyotulia. Fundi hufukiza ubani, humsemeza hadi ataje jina na haja yake. Yumo pia jini mahaba, anayempenda mwanadamu, humjia usingizini kama mume au mke na kumwonea wivu mwenziwe wa ndoa. Mjukuu basi anaweza kujikuta amerithi mpenzi wa bibi yake, bila yeye mwenyewe kuwa bibi yake.

Pepo hawa wana makabila. Mwanaanthropolojia wa Norway, Kjersti Larsen, aliyefanya utafiti mjini Zanzibar na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 2008, anaeleza manne: ruhani, ambao ni Waarabu na Waislamu, rubamba, wanaohesabiwa kuwa wa Pemba hasa, kibuki wa kutoka Bukini, yaani Madagaska, Wakristo wanywao brandi, na habeshia wa Uhabeshi, Wakristo pia. Ukiyatazama makabila hayo unaiona Bahari ya Hindi nzima imeketi kilingeni, mahali pa uganga. Masuria wa Kihabeshi walikuwamo katika majumba ya Zanzibar ya karne ya 19. Kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu, na karafuu hizo zilichumwa na watumwa. Amri ya 1897 iliondoa hali ya utumwa kisheria, lakini masuria waliachwa nje yake hadi 1909.

Hapa ndipo maudhui haya yanapopata uzito. Katika hadithi nyingi za kuzaliwa upya, mwanamke hurudi akalipata kasri na mwana wa mfalme wake. Suria hakuulizwa kama anapenda. Kisa chake kikirudi kwa njia ya pepo wa kabila lake, hakiwezi kurudi kwa ajili ya bwana wake tu. Kitarudi na madai. Na kwa desturi ya uganga, madai ya pepo, iwe pete, nguo, chano cha vyakula au ngoma, hayamalizwi na mgonjwa peke yake. Jamaa huitwa, hukaa, husikiliza, hulipa. Pendo linakuwa shauri la ukoo mzima, na siri za wazee hutoka hadharani mbele ya watoto wao. Mwandishi akiliacha hili, ameacha kiini cha kisa.

Mahali pa kuanzia pasipokwisha maneno ni Pujini, kusini-mashariki mwa Chake Chake, palipo magofu ya ngome ya karne ya 15. Simulizi huyanasibisha na Mkama Ndume, mtawala anayekumbukwa kwa ukatili: inasemwa aliwabebesha watu mawe huku wakisota kwa makalio. Pana kisima kinachosimuliwa kuwa kiligawanywa kwa ukuta kwa sababu ya wivu wa wake zake wawili. Mmoja aliteka kwa ndoo na kamba kutoka juu, mwenzake alishuka kwa ngazi, wasipate kuonana. Mwanaakiolojia wa Marekani, Adria LaViolette, aliyechimba Pujini, ameeleza pia chumba cha chini ya ardhi chenye sura ya siwa, baragumu la watawala, iliyofinyangwa kwa lipu ukutani. Simulizi ya kisima haina haja ya mwanamume arudi. Wanaodaiana ni wake wenza, waliokunywa maji mamoja bila kuonana uso kwa uso, na kisa cha kurudi kwao kingekuwa kipya kuliko vingi vinavyoandikwa.

Fasihi imekwisha kuyagusa maudhui haya ya kurudi. Mwingereza Rider Haggard, ambaye Mashimo ya Mfalme Sulemani yake ilisomwa sana kwa tafsiri ya Kiswahili, aliandika She mwaka 1887: Ayesha, malkia asiyezeeka, anamngoja kwa zaidi ya miaka 2,000 mpenzi aliyemuua mwenyewe, naye anarudi katika sura ya kijana wa Kiingereza. Safari inapita pwani ya Afrika Mashariki kwa jahazi, lakini nahodha Mwarabu anauawa mapema na hakuna mtu wa pwani anayerudiwa na pendo lake. Mwandishi wa Zanzibar, Said Ahmed Mohamed, aligeuza mambo katika riwaya ya Babu Alipofufuka (2001), ambamo marehemu anamrudia mjukuu wake, kigogo, na kumsaili juu ya hali ya nchi. Humo kurudi ni hesabu ya kisiasa. Lugha ya mahaba yenyewe haihitaji kuazimwa, kwani Pemba ilimzaa Kamange, mshairi mashuhuri wa mapenzi wa karne ya 19.

Aliyeyakaribia zaidi mapenzi yanayorudi ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, katika riwaya yake Desertion (2005). Mwaka 1899, Rehana anapendana na Mwingereza katika mji mdogo wa pwani ya Kenya. Zaidi ya nusu karne baadaye, Zanzibar, kijana Amin anampenda Jamila, mjukuu wa Rehana. Hamna pepo wala kilinge katika kisa hicho, lakini pendo la bibi linamrudia mjukuu. Wazazi wa Amin wanajua bibi yake Jamila aliishi na mzungu, na kwa ajili hiyo wanamkataza mtoto wao, naye anatii.