Dakika 20 za Philip Boit

Sisi watu wa Eldoret tunajulikana kwa kufika mapema. Ndiyo maana nampenda Philip Boit, aliyechelewa.

Mzaliwa wa hapa hapa, mkimbiaji wa mita 800, wa ukoo wa Mike Boit aliyeshinda shaba Munich mwaka 1972. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimpeleka Finland pamoja na Henry Bitok wakajifunze skii. Theluji hakuwa ameiona. Baridi ya hapa Sisibo ni ya asubuhi tu, jua likipanda unavua sweta. Kule baridi ndiyo kazi yenyewe. Wengi walisema hilo lilikuwa tangazo la viatu, na sidhani walikosea kabisa. Lakini tangazo halipandi mlima na vijiti mkononi.

Tarehe 12 Februari 1998, Nagano, Japani, akawa Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki za msimu wa baridi. Kilomita 10. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alifika kwa dakika 47, nambari 92, wa mwisho. Dakika 20! Ndege ikichelewa hivyo hata hulalamiki, lakini kwenye mbio ni karne nzima. Waandalizi walitaka kugawa medali. Dæhlie akakataa, akamngoja mstarini na kumkumbatia.

Kwetu Kiprop alizaliwa mvua ikinyesha, Kiplagat usiku. Boit akamwita mwanawe Dæhlie. Kisha akarudi Olimpiki, Salt Lake City 2002 na Turin 2006.