Kahawa iliyovuka ziwa ikabadilishwa jina

 

Wiki mbili zilizopita kulikuwa na ubishi pale tunapokutaniaga vijana. Dada mmoja wa shirika, Mkenya, alikuja na paketi ya kahawa aliyopewa zawadi. Tukaichemsha kwenye sufuria, tukagawana kwenye vikombe vya plastiki. Paketi imeandikwa Rwanda. Basi vita ikaanzia hapo. Dada akasema ya Rwanda nzuri, lakini ya Kenya ndiyo mwenyewe. Vijana wa Burundi wakasema hamjanywa ya Kayanza na Ngozi, nyamazeni. Mimi nikanyamaza kweli. Ndipo mmoja akanigeukia akauliza: "Kwani Kongo kuna kahawa?"

Swali hilo lilinilaza macho. Koko wangu (kwetu koko ni nyanya, hapa Tanzania wanasema bibi, na kwetu bibi ni mke, kwa hiyo siku za kwanza kambini tulichekana sana) amelea watoto saba kwa kahawa, kwenye mlima unaotazama ziwa Kivu. Nimeamua kujibu kwa maandishi ili nisirudie kwa kila mtu.

Nianze na mti wenyewe. Kahawa ya biashara ina aina mbili kubwa. Arabika inapenda mlima na baridi, na ladha yake ni laini. Robusta inavumilia joto la chini, ni chungu zaidi, na ina kafeini karibu mara mbili ya mwenzake. Shuleni tunafundishwa kahawa ilitoka Ethiopia. Kwa arabika ni kweli, misitu ya Kaffa ndiyo kwao. Lakini wanaosoma vinasaba wamegundua kwamba arabika ni chotara. Mzazi mmoja ni robusta. Mwingine ni mti mdogo wa mwituni unaoitwa eugenioides, ambao mpaka leo unaota wenyewe kwenye nyanda za juu za mashariki ya Kongo, Rwanda, Burundi, Uganda, hata upande huu wa magharibi ya Tanzania. Walikutana zamani sana, hakuna binadamu aliyekuwa na shamba. Kwa hiyo anayeuliza kama Kongo kuna kahawa anauliza kama kwa wazazi wake arabika kuna mtu.

Robusta nayo ina safari yake. Mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani ulionekana Ceylon, leo Sri Lanka, ukamaliza mashamba ya arabika, halafu ukaenda Java. Wazungu wakatafuta mti usioogopa kutu. Mbegu zikachukuliwa Kongo, wakati ule nchi nzima ni mali ya mfalme Léopold II, zikakuzwa kwenye bustani ya akina Linden kule Brussels. Hao ndio walioipa jina robusta, yaani yenye nguvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 ikapelekwa Java. Leo Vietnam ni ya pili duniani kwa kahawa baada ya Brazili, na karibu yote ni robusta. Ile kahawa ya unga ya kopo unayokoroga na maji ya moto, sehemu kubwa ni robusta. Mti wa misitu yetu, na hakuna kopo lililoandikwa hivyo.

Tena msidhani sisi Waafrika tulikuwa tunaitazama tu. Wahaya wa Bukoba walikuwa wanaitafuna kabla Mjerumani hajafika: wanaichuma, wanaichemsha na majani yenye harufu nzuri, wanaikausha, wanampa mgeni. Watu wakifanya undugu wa damu, punje mbili za tunda moja ndizo zilizotumika. Mpaka leo Bukoba utapewa kahawa ya kutafuna.

Arabika ilirudi kwetu kwa kuzunguka. Kutoka Ethiopia ilivuka bahari ikalimwa Yemen. Wafaransa wakaichukua Yemen mwaka 1715 wakaipanda kisiwa walichokiita Bourbon, leo Réunion. Hapo ndipo lilipotoka jina la aina ya Bourbon, ambayo ndiyo damu ya kahawa nyingi za Rwanda na Burundi, na ya kwetu pia. Mapadre wa Kifaransa waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868 walipanda mbegu kutoka kisiwa hicho. Kwa Rwanda, kahawa inahusishwa na misheni ya Mibirizi, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mibirizi haiko mbali na Bukavu. Kuna aina ya mti inaitwa Mibirizi mpaka leo.

Kuhusu Kenya, dada yetu anisamehe. Mti unaoipa Kenya sifa, ule wenye uchachu unaoamsha ulimi, unaitwa SL28. Ulichaguliwa miaka ya 1930 na maabara ya Scott karibu na Nairobi. Lakini mti mama ulitoka Monduli, Tanganyika, ulipendwa kwa sababu ulivumilia ukame. Nilipomwambia alicheka, akasema tusimwambie mtu nyumbani kwao.

Sasa hapa ndipo historia inaponikera. Mti ni mmoja, lakini kila mkoloni aliuwekea sheria yake. Kenya, Mwafrika alikatazwa kulima kahawa kwa miaka mingi, walowezi wakisema ataleta magonjwa, kumbe waliogopa ushindani na kukosa vibarua. Njia ilifunguka kidogo miaka ya 1930, ikapanuka kweli baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954. Kilimanjaro, Wachaga walilima, walowezi wakalalamika, Wachaga wakaunda chama chao mwaka 1925 kujitetea. Ruanda-Urundi ikawa kinyume kabisa: Mbelgiji akalazimisha. Miaka ya 1930 kila familia ipande, machifu wasimamie, anayezembea anakula kiboko. Uhuru ulipokuja kiboko kikaondoka lakini lazima ikabaki. Rwanda, kung'oa mti wa kahawa kuliendelea kuwa kosa la kisheria kwa miaka mingi. Wazee wa Kirundi hapa kambini wanaijua hiyo habari kuliko mimi. Mzee mmoja aliniambia baba yake alikuwa anauchukia ule mti kama askari aliyesimama mbele ya nyumba.

Kwetu Kivu ilikuwa njia ya tatu. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, kazi yake kuwagawia walowezi ardhi. Mlima mzuri ukawa wa Mbelgiji, mwenyeji akawa kibarua wa kuchuma. Mwisho wa 1973 Mobutu akazipokonya mali za wageni akawapa watu wake. Wengi wao hawakuwa wakulima, waliuza kilichouzika wakaondoka. Mashine zikapata kutu. Waliobaki na kahawa ni watu kama koko, wenye miti michache katikati ya migomba na maharage.

Halafu mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa unashikilia bei kwa kugawia kila nchi kiasi cha kuuza ulivunjika. Bei ikaanguka karibu nusu. Robusta za Kongo nazo zikapigwa na mnyauko fuzari, mti unakauka umesimama. Vita vikafuata mwaka 1996. Nchi iliyouza nje zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1980 ikafika kuandikisha kama tani 10,000.

Nasema kuandikisha. Juu ya nini? Juu ya ziwa.

Kwetu wakati wa vita hakukuwa na mnunuzi wa haki, hakukuwa na kituo cha kuoshea, na kila kizuizi barabarani kina mtu anayetaka chake. Ng'ambo ya maji Rwanda kulikuwa na soko. Kwa hiyo watu walipakia magunia kwenye mitumbwi usiku, wakapiga kasia mpaka upande wa pili, wakabadilisha kahawa kwa chumvi, sabuni, nguo, kidogo pesa. Ziwa Kivu likitulia ni zuri sana. Likichafuka halina huruma, na gunia likilowa linazama na mtumbwi wake. Wanaume wengi walikufa hivyo, vijiji vya pwani ya ziwa vimejaa wajane wa kahawa. Kaka yake koko ni mmoja wao. Walimpata siku ya tatu. Gunia halikupatikana.

Zile zilizofika salama zilipewa jina jipya ufukweni. Zimeondoka Kongo jioni, asubuhi ni za Rwanda. Kaskazini, za Beni na Butembo zilipitia Uganda zikawa za Uganda. Punje haibishi. Ikichanganywa na wenzake kwenye gunia hakuna anayeiuliza kitambulisho. (Laiti na sisi.)

Ndiyo maana nilinyamaza pale kwenye ubishi. Mtu akiniambia "hii ni ladha ya Rwanda" namuuliza ladha inatoka wapi. Inatoka kwenye aina ya mti. Inatoka kwenye urefu wa mlima: ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460, na mashamba yako juu yake, kwenye baridi punje inakomaa polepole na kuwa ngumu na tamu. Halafu inatoka kwenye mikono. Kahawa mbivu ikichumwa nyekundu, ikamenywa siku hiyohiyo, ikachachushwa ule utelezi utoke, ikaoshwa kwa maji safi na kuanikwa kwenye meza, utapata kinywaji kisafi chenye uchachu kama chungwa na utamu nyuma yake. Ukiimenya nyumbani kwa jiwe, ukaianika chini karibu na kuku, mti ni uleule lakini mnunuzi atakunja uso. Ethiopia, Harar, wanaikausha na tunda lake zima, ikatoa harufu ya matunda kama imechacha kidogo, na watu wanailipia. Kwa hiyo hata kutoosha kuna ufundi wake.

Rwanda ilishinda hapo kwenye mikono, na lazima tuseme ukweli hata kama roho inauma. Mwaka 2000 vituo vya kuoshea vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole. Wakajenga, Maraba wakaanza kuuza ya kuoshwa nje, wakafundisha waonjaji wao, leo vituo ni zaidi ya 300. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza Afrika kufanya mashindano ya Cup of Excellence. Burundi ikafuata 2012. Jina walilipata kwa kazi, siyo kwa magunia yetu tu.

Lakini kuna kitu kinachofanya waonjaji wa Ulaya waseme hizi nchi tatu ni moja, nacho ni aibu yetu ya pamoja: ladha ya kiazi. Unachemsha kahawa nzuri, kikombe kimoja kinanuka kiazi kibichi. Inahusishwa na mdudu anayefanana na kunguni, antestia, anayetoboa tunda likiwa shambani. Punje moja inaharibu kikombe, na kwa macho ni vigumu kuitambua. Iko Rwanda, iko Burundi, iko Kivu. Mdudu hana viza. Vijana wa Burundi nilipowaambia hivyo walinyamaza kidogo, halafu mmoja akasema basi huyo ndiye Mkongo aliyevuka. Tulicheka wote.

Kivu nako wameanza tena. Mwaka 2003 wakulima wa karibu na Minova waliunda ushirika, SOPACDI, baadaye wakajenga kituo cha kuoshea, na wakachanganya makabila ambayo vita vilikuwa vimewagombanisha, na wajane pia. Kahawa yao inauzwa Ulaya na jina la Kongo juu ya gunia. Sijasema Kivu kumetulia, tunaofuata habari tunajua hali. Nimesema tu kwamba kuna punje zinazosafiri na jina lao.

Na nyie mnaoona kahawa ni mambo ya mbali, hapa hapa Kigoma, vilima vya Kalinzi, wanalima arabika. Ukipanda gari la kwenda mjini angalia pembeni.

Jana jioni nilimsomea koko haya niliyoandika. Alisikiliza akichagua maharage. Habari ya Léopold haikumshughulisha, ya wazazi wa arabika alisema "kumbe". Nilipofika kwa kaka yake aliacha maharage kidogo, akaendelea. Mwisho akauliza swali moja: hiyo kahawa mliyokunywa, mkulima alilipwa bei gani kwa kilo?

Nilikuwa na paketi mfukoni. Imeandikwa aina ya mti, urefu wa mlima kwa mita, na kwamba utasikia chungwa na karameli. Niliigeuza pande zote. Bei ya mkulima haikuwepo.

Akasema basi nimpe hiyo paketi kama imeisha, inafunga vizuri, atawekea chumvi.