Uwajibikaji kwa Jamii katika Kampuni na Asasi

Uwajibikaji kwa jamii ni wajibu wa taasisi kujali na kuwajibikia athari za shughuli zake kwa watu na mazingira. Mwongozo wa kimataifa wa ISO 26000, uliotolewa mwaka 2010, unazihusu taasisi za kila aina, ila hautumiki kutolea cheti.

Nchini Tanzania dhana hii husikika zaidi migodini, ambako madiwani na wananchi husema tu "fedha za CSR", kifupisho cha Kiingereza cha uwajibikaji wa kampuni kwa jamii. Zamani zilikuwa hisani: mgodi ulijenga zahanati au kugawa madawati, ukajichagulia kijiji, kisha zikafuata hotuba na picha za makabidhiano. Marekebisho ya mwaka 2017 ya Sheria ya Madini ya 2010 yaliligeuza jambo hilo kuwa deni. Kifungu cha 105 kinamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango uliokubaliwa na halmashauri, kwa kushauriana na mawaziri wa serikali za mitaa na fedha, ukifuata vipaumbele vya jamii husika. Halmashauri ndiyo huupitisha, husimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi. Hiari haikufutwa: Kili Challenge, upandaji wa Mlima Kilimanjaro ulioanzishwa na mgodi wa Geita mwaka 2002 kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI, ulikuwapo kabla ya sheria hiyo na umeendelea baadaye.

Fedha hizi si mrahaba wa Serikali wala ushuru wa huduma wa halmashauri, ingawa katika mikutano ya vijiji zote huchanganywa kwa urahisi. Isitoshe, kifungu cha 105 hakikutaja kiwango. India, kwa Sheria ya Kampuni ya 2013, ilizitaka kampuni kubwa zitenge asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu. Nchini Tanzania kiasi hutegemea mazungumzo, na hapo ndipo penye udhaifu: upande mmoja huketi na wanasheria na wahasibu wa kampuni ya kimataifa, upande wa pili mara nyingi ni halmashauri yenye wataalamu wachache.

Kwa asasi zisizo za kiserikali, kuhudumia jamii ndiyo kazi yenyewe, hivyo swali huhamia kwenye mwenendo: mikataba ya watumishi, matumizi ya fedha, masharti ya wafadhili. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2002 kuhusu asasi hizo inazitaka ziandae kila mwaka taarifa ya shughuli na hesabu zilizokaguliwa. Taarifa hizo huandikwa kwa ajili ya msajili na mfadhili. Ni asasi chache zinazozisoma mbele ya mkutano wa kijiji.