Ukoo wa Mazrui

Ukoo wa Mazrui ni ukoo wenye asili ya Oman uliotawala Mombasa kwa karibu miaka 100, hadi mwaka 1837. Baadaye ulitoa makadhi na wasomi mashuhuri wa Kenya.

Asili ya cheo

Waoman waliwafukuza Wareno kutoka Boma la Yesu mwaka 1698. Tangu hapo imamu wa Oman alimteua liwali wa kuisimamia Mombasa kwa niaba yake. Muhammad bin Uthman al-Mazrui alipewa cheo hicho mnamo 1739. Miaka michache baadaye nasaba ya Yarubi ilianguka huko Oman, na Ahmad bin Said wa ukoo wa Busaidi akashika madaraka. Muhammad alikataa kumtambua, naye akauawa na watu waliotumwa kutoka Oman. Ndugu yake Ali bin Uthman alifungwa, akatoroka, kisha akaiteka tena ngome. Kuanzia hapo uliwali ukawa urithi wa ukoo, ingawa jina la cheo lilibaki lile la mtumishi wa imamu.

Utawala

Maliwali walihitaji ridhaa ya wenyeji, yaani Thenashara Taifa: makundi 12 ya Waswahili wa Mombasa yaliyogawanyika kuwa Tisa Taifa na Tatu Taifa. Walitegemea pia urafiki na Wamijikenda wa bara. Chakula kingi cha mji kilitoka Pemba, iliyokuwa chini yao.

Ahmad bin Muhammad, mwana wa liwali wa kwanza, alitawala hadi 1814. Katika siku zake jeshi la Mombasa na Pate lilishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Lamu ikaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, aliyepata hivyo mlango wa kuingia pwani.

Kuanguka

Mnamo 1823 Wamazrui walikuwa wameipoteza Pemba. Mwaka uliofuata liwali Sulaiman bin Ali aliomba ulinzi wa Waingereza kupitia nahodha Owen, lakini serikali ya London haikuukubali, ukakoma 1826. Salim bin Ahmad, aliyemfuata Sulaiman, aliihimili Mombasa dhidi ya mashambulizi ya Seyyid Said. Alipofariki mwaka 1835 jamaa waligombania cheo, na Tatu Taifa wakamgeukia Seyyid Said. Mwaka 1837 Said aliingia ngomeni. Liwali Rashid bin Salim na wakuu wengine wa ukoo walikamatwa na kupelekwa uhamishoni katika Ghuba ya Uajemi.

Gazi na Takaungu

Waliosalia waligawanyika: wengine walihamia Gazi, kusini mwa Mombasa, na wengine Takaungu, kaskazini. Mbaruk bin Rashid wa Gazi, mwana wa liwali wa mwisho, aliwaasi masultani wa Zanzibar mara kadhaa. Mwaka 1895 ugomvi wa urithi huko Takaungu uligeuka kuwa vita dhidi ya Waingereza. Mbaruk alishindwa mwaka 1896, akavuka mpaka kuingia Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, akafariki Dar es Salaam mwaka 1910.

Makadhi na wasomi

Baada ya kupoteza uliwali, ukoo ulipata heshima yake katika elimu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi kifo chake, na aliandika historia ya ukoo huu. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui (1933–2014), alifundisha Makerere na Marekani. Alizikwa Mombasa, katika makaburi ya ukoo yaliyo karibu na Boma la Yesu.