"Africa" ya Saint-Saëns: Afrika ya nani?

Kila tunapopiga "Africa", maoni yenu hugawanyika. Wapo wanaopenda kasi ya vidole kwenye piano. Wapo wanaouliza: hii ni Afrika gani, mbona hatujioni?

Mtunzi wake, Mfaransa Camille Saint-Saëns, aliimaliza Cairo, Misri, mwaka 1891. Ni muziki usio na maneno, wa dakika 10 hivi. Piano inaongoza, okestra, yaani kundi kubwa la wapiga fidla, zumari na tarumbeta, inaitikia.

Wanaouliza wana hoja. Saint-Saëns alizoea kukimbilia Algeria na Misri kukwepa baridi ya Ulaya, na kuelekea mwisho wa kazi hii aliingiza wimbo wa asili wa Tunisia. Basi ni Afrika ya Kaskazini, kama alivyoisikia mgeni. Zeze na ilimba za huku kwetu hazimo.

Wanaoipenda nao hawajakosea: wimbo huo wa Tunisia ndio unaochangamsha mwisho wake. Ila anayejulikana ni mtunzi, si walioutunza wimbo.

Nyimbo za Kinyaturu na Kinyiramba zisipatwe na hayo. Ukimrekodi bibi kwa simu, taja jina lake na kijiji chake.