Lubondja: chemchemi, vita na mahesabu ya kiangazi

Mvua ikikatika mwezi wa Juni, safari ya maji inakuwa ndefu katika milima ya Fizi. Lubondja iko bara. Mkaaji wa huko hawezi kushuka Baraka kuchota maji ya ziwa. Anategemea mito na chemchemi, na hizo hupungua mpaka mvua irudi Septemba. Wazee wanalijua hilo tangu zamani. Ajabu ni kwamba mipango mingi ya maji iliyoletwa Fizi ilikuwa na sababu nyingine.

Wabelgiji waliunda Regideso mwaka 1939, lakini kazi yake ilikuwa miji. Vijiji viliendelea kuchota mtoni. Ukaja uasi wa 1964 na 1965, na eneo lote la Fizi na Baraka likawa uwanja wa vita hadi jeshi la serikali na mamluki wa Mike Hoare walipoyateka mwishoni mwa 1965. Nani angejenga bomba wakati huo?

Kilichobadilisha mambo ni kipindupindu. Kiliingia mashariki ya nchi mwaka 1978 kupitia mwambao wa Tanganyika, na hadi leo hakijaondoka. Halafu vita vya 1996 na 1998 vikavusha watu kwenda Kigoma, na kuanzia 2005 wengi wakarudi kwa meli hadi Baraka. Mashirika yakaja na klorini, visima na chemchemi za kujengewa. Mwaka 2006 wizara ya afya na UNICEF walianzisha programu ya Village Assaini, ambamo kijiji chenyewe huunda kamati yake.

Kazi hiyo imeokoa maisha, hakuna ubishi. Lakini kujengea chemchemi ni kuchimba hadi maji yanapotokea, kuweka changarawe, kufunika kwa udongo wa mfinyanzi na kutoa bomba kwenye ukuta wa saruji. Maji yanakuwa safi, hayaongezeki. Kiasi chake kinatoka mlimani juu, penye msitu unaokatwa kwa makala na mashamba.

Hapa ndipo kosa hufanyika: kupima chemchemi mwezi wa Aprili. Chukua mfano. Bidoni ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 100, kwa siku nzima zinapatikana bidoni 864, moja kwa kila mtu katika kijiji cha watu 864. Agosti ikijaa kwa sekunde 200, zinabaki 432. Na bila tangi, maji ya usiku yote yanamwagika bondeni.

Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 iliondoa ukiritimba wa Regideso na kuzipa mikoa na tawala za chini nafasi katika huduma ya maji. Kwa hiyo swali la nani anapima mwezi wa Agosti, nani anajenga tangi na nani anazuia shoka juu ya chemchemi, sasa liko kwa sekta na kamati za vijiji.